Kuponya, Kuganga na Kuziba: Juu ya Plastiki Zinazojitengeneza

Katika makala haya nakusudia kueleza utafiti mmoja wa kikemia ambao umevuta macho ya wengi tangu mwaka 2001, nao ni utafiti wa kubuni plastiki ambazo, zikipasuka, hujitengeneza zenyewe pasipo kupelekwa kwa fundi. Huenda msomaji wa jarida la lugha akastaajabu kukuta jambo kama hili mahali hapa. Sababu yake ni kwamba wataalamu wa Ulaya na Marekani wamezipa plastiki hizo jina walilolitoa kwa waganga: husema kuwa "zinajiponya". Chini ya jina hilo yamefunikwa mambo matatu yasiyofanana, na Kiswahili kina vitenzi vinavyoyatenga waziwazi. Atakayelitafsiri kwa neno moja, kabla hajatazama kitu chenyewe kinafanya nini, atawafunza wanafunzi wake jambo lisilo kweli. Na kama nitakavyoonyesha, kosa hilo si la lugha tu.

Hatuna budi kuanza na kitu chenyewe. Plastiki, mpira, nailoni, gundi za mafundi na aina nyingi za rangi ni wa jamii moja, nayo huitwa polima. Molekuli ya polima ni mnyororo mrefu wenye pete nyingi zinazofanana, aghalabu maelfu. Hoja hii ilitolewa na Mjerumani Hermann Staudinger mwaka 1920, wakati wanakemia wengi wakishikilia kuwa mpira si kitu ila lundo la molekuli ndogo zilizokusanyika. Alibishiwa sana, na Tuzo ya Nobel akaipata mwaka 1953, baada ya miaka 33.

Minyororo hiyo hukaa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza imelala ovyo, imepitana na kuviringana kama makumbi yaliyochambuliwa kabla ya kusokotwa kamba. Imeshikana lakini haikufungwa. Ikipashwa moto huteleza, na plastiki ikayeyuka. Hivyo ndivyo zilivyo ndoo na mitungi yetu ya plastiki. Katika namna ya pili minyororo imefungwa pamoja kwa vifungo vya kikemia kila mahali, mithili ya wavu wa mvuvi wenye mafundo, hata kitu kizima kikawa kana kwamba ni molekuli moja. Kitu hiki hakiyeyuki. Kikizidishiwa moto huungua. Mpira wa matairi ni wa namna hii, kwani minyororo yake hufungwa kwa salfa, kwa njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839. Epoksi nayo ni ya namna hii, yaani ile gundi ya sehemu mbili ambayo mafundi huichanganya, ikagandamana na kuwa ngumu kama jiwe.

Epoksi ikitiwa nyuzi za kioo au za kaboni huwa kitu chepesi chenye nguvu nyingi. Hutengenezewa mashua, mapanga ya mitambo ya kufua umeme kwa upepo, na sehemu kubwa za ndege za siku hizi. Lakini ina aibu yake, nayo ni ufa. Muuza nguo akitaka kukata kitambaa hakikati chote kwa mkasi: hutia alama ndogo pembeni, kisha akavuta kwa mikono miwili, na kitambaa kikachanika moja kwa moja. Nguvu ya mikono yake yote imekusanyika kwenye ncha ya ule mkato mdogo. Katika epoksi mambo ni hayo hayo. Ufa mwembamba kuliko unywele, uliotokea ndani mahali ambapo jicho halifiki, hukusanya kwenye ncha yake nguvu zote zinazokivuta kile kitu, ukaendelea kidogo kidogo kila kinapotikiswa, hata siku moja kikavunjika ghafula. Fundi hawezi kuuziba ufa asioujua uliko. Ndiyo maana ikatafutwa njia ya kukifanya kitu chenyewe kiujue ufa wake na kuushughulikia mahali hapo hapo ulipo.

Njia iliyotangulia kupata sifa ilitangazwa mwaka 2001 na Scott White, Nancy Sottos, Jeffrey Moore na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Yafaa tukae nayo kidogo, kwa sababu ni ya werevu na kwa sababu humo ndimo jina la "kujiponya" lilimojengewa makao.

Walichukua dawa ya majimaji iitwayo disaiklopentadieni, wakaitia ndani ya vifuko vidogo mno vya duara ambavyo ganda lake ni plastiki nyingine, gumu na jembamba. Upana wa kifuko haukuzidi sana sehemu ya tano ya milimita. Ukivitazama kwa macho utadhani ni unga. Vifuko hivyo wakavichanganya na epoksi kabla haijagandamana, na pamoja navyo wakatawanya chembechembe za kichocheo. Kichocheo hicho ni cha madini ya rutheni, kazi ya Robert Grubbs, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2005 na Yves Chauvin na Richard Schrock. Kisha epoksi ikaachwa igandamane. Dawa imefungiwa kwenye vifuko, kichocheo kiko nje, na havionani.

Sasa ufa ukitokea huja ukavikuta vifuko. Hapa pana jambo zuri la ufundi: kwa kuwa kifuko ni laini kuliko epoksi inayokizunguka, ufa huvutwa kukielekea badala ya kukikwepa. Kifuko kinapasuka. Majimaji yanatoka na kupanda ndani ya ufa kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa taa. Humo hukutana na chembe za kichocheo. Molekuli za dawa zina umbo la pete. Kichocheo huzifungua pete hizo, na kila iliyofunguka ikaishika jirani yake, mpaka mahali pa majimaji pakawa na polima mpya, ngumu, iliyozishika kuta mbili za ufa. Haya yote hufanyika katika joto la kawaida, hapana mkono wa mtu.

Watajuaje kuwa imefaulu? Walichonga vipande vya epoksi kwa umbo maalumu, wakavipasua kwa mashine huku wakipima nguvu iliyotakiwa, wakavirudisha na kuviacha kwa saa 48, kisha wakavipasua mara ya pili. Nguvu ya pili ikilinganishwa na ya kwanza ndiyo kipimo. Vipande visivyotiwa kichocheo havikuonyesha kushikana hata kidogo. Vile vilivyotimizwa vilirudisha kwa wastani yapata asilimia 60 ya ukinzani wao dhidi ya kupasuka, na kilichoshinda vyote kilifika asilimia 75.

Hebu sasa tuyatazame maneno. Katika Kiswahili mtu aliyepona amerudi katika hali yake ya kwanza. Na yule aliyeokoka katika ajali pia twasema amepona, maana hakudhurika. Neno hili lina utimilifu ndani yake. Mgonjwa aliyerudishiwa asilimia 60 ya nguvu zake hakuna mtu wa pwani wala wa bara atakayesema amepona; tutasema ana nafuu. Kilichofanyika katika epoksi ya Illinois kina kitenzi chake cha zamani sana, nacho ni kuganga. Wengi leo wanakijua kwa maana ya kutibu tu, kwa sababu ya mganga na uganga, na kwa ile methali isemayo kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kuganga ni kufunga na kuunga pia: mlingoti ulioatuka hugangwa, na kile kiungo kinachoshikanisha pande mbili za kitu kilichovunjika huitwa gango. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wanaukuta mzizi huu mbali sana, na maana hizi mbili, ya kufunga na ya kutibu, zikiwa pamoja. Nganga wa Kikongo na n'anga wa Kishona ni ndugu wa mganga wetu. Wazee hawakutenga kumtibu mtu na kuunga chombo, na hapa kutotenga kwao kumetufaa. Polima mpya iliyojaza ufa ni gango hasa: ni kitu kigeni kilichowekwa baina ya pande mbili kuzishikanisha.

Tena lipo neno kovu. Ukikitazama kwa darubini kipande kilichotengenezeka utaona utando wa polima nyingine katika njia ya ufa, na maganda matupu ya vifuko. Epoksi haikuungana na epoksi. Kovu halina sifa zote za ngozi, na utando huu hauna sifa zote za epoksi.

Kasoro kubwa ya njia hii ni kuwa dawa yenyewe ni akiba isiyojazwa tena. Kifuko kikishapasuka kimekwisha, na ufa ukirudi pale pale hukuta chungu kitupu. Mwaka 2007 kikundi hicho hicho cha Illinois kilijaribu kuiga mishipa ya damu: badala ya vifuko kikaweka mifereji myembamba chini ya tabaka la epoksi, ili dawa ije kutoka ghalani kila inapohitajika. Waliweza kuutengeneza ufa ule ule hadi mara saba. Mwaka 2014 wakaonyesha jambo kubwa zaidi, tundu lenye upana wa zaidi ya milimita 35 kujazwa kwa majimaji mawili yanayokutana na kugeuka kwanza kuwa kama ute mzito usiomwagika, kisha kuwa mgumu. Ni kazi ya kusifiwa, ila mwenye kuitazama hakosi kujiuliza ni ndege gani itakayokubali kubeba mishipa, ghala na majimaji yake, nayo imetengenezwa kwa epoksi kwa sababu ya wepesi.

Njia ya pili haina dawa wala kifuko. Mwaka 2002 Fred Wudl na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walitangaza polima ngumu, inayopenya nuru kama kioo, ambayo vifungo vya wavu wake viliundwa kwa namna vinavyoweza kufunguka na kufungika tena. Kifungo chenyewe ni cha kale katika kemia. Ni kile cha Otto Diels na Kurt Alder, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Polima hii ikipashwa moto zaidi ya digrii 120 za sentigredi, yapata asilimia 30 ya vifungo huachana; ikipoa, hushikana tena. Vifungo vilivyokatwa na ufa ni vile vile vilivyo dhaifu kuliko vyote, kwa hiyo ndivyo vinavyongojea kurudiwa. Kinachoziba ufa hapa ni kitu kile kile kilichopasuka, na kinaweza kurudiwa mara nyingi. Hakuna kovu. Kitenzi kinachofaa ni kuungana tena, wala si kuganga. Lakini pia neno la "kuji-" halistahili, maana kitu hiki hakifanyi lolote mpaka aje mtu na moto. Chasubiri tanuri.

Mwaka 2008, huko Paris, Ludwik Leibler na wenzake walitoa mfano ambao kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote. Walichukua asidi za mafuta ya mimea pamoja na urea, ile ile inayofahamika kwa wakulima kama mbolea, wakapata kitu chenye kunyumbuka kama mpira. Ndani yake hamna minyororo mirefu kabisa. Molekuli ni fupi, nazo zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu sana lakini kwa wingi wao huvumilia kuvutwa mara kadhaa ya urefu wa awali. Ukikikata kwa kisu, kisha ukazirudisha pamoja pande mbili zilizokatwa na kuzikandamiza kidogo, hushikana katika joto la kawaida la chumba; baada ya muda chaweza kuvutwa tena.

Ajabu ni hii: ukichukua vipande viwili vya mpira huo ambavyo havikukatwa na kuvigusanisha, havishikani vyema. Ni uso uliokatwa tu unaotaka kurudi kwa mwenzake. Sababu ni kuwa kisu kimeacha juu ya uso huo vifungo vingi vilivyopoteza wenzi wao, navyo vinatafuta. Vikirudishiwa upande wa pili upesi, huwapata. Vikiachwa kwa muda mrefu, polepole huoana vyenyewe kwa vyenyewe juu ya uso ule ule, na hamu yao ya kuungana hupungua. Kwa hiyo kinachopimwa hapa si moto wala dawa bali ni muda. Lugha ya tiba haisaidii kitu kulieleza jambo hili. Lugha ya posa na ya talaka, ambayo sote tunaijua, yalieleza bila ya taabu.

Kundi la tatu nitalipitia haraka. Hizi ni plastiki ambazo kazi yao ni kuziba tu. Ipo inayoitwa Surlyn, yenye chembe za umeme zilizotawanyika katika minyororo yake; risasi ikiipenya, joto la msuguano huilainisha mahali pale, nayo hurudi na kulifunga tundu mara moja nyuma ya risasi. Zipo rangi pia. Mwaka 2005 kampuni ya Nissan ilitangaza rangi ya motokaa ambayo mikwaruzo midogo juu yake hujifuta, polepole wakati wa baridi na upesi zaidi wakati wa joto. Mwaka 2009 Biswajit Ghosh na Marek Urban, huko Mississippi, walitangaza poliurethani iliyochanganywa na kitu kilichotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo mkwaruzo wake ulifungika kwa miale ya jua katika muda usiozidi saa moja. Katika haya yote hakuna mzigo unaobebwa. Rangi iliyofunga mkwaruzo wake imemzuilia maji na kutu, na hilo ndilo lililotakiwa. Kalafati anayeshindilia pamba na sifa katika nafasi za mbao haongezi nguvu ya mbao, anazuia maji. Kitenzi ni kuziba.

Sasa twaweza kuona kwa nini nilisema kuwa kosa si la lugha tu. Mwenye chombo akiambiwa kuwa bamba la chombo chake "limepona" atalipakia mzigo ule ule wa zamani. Akiambiwa limegangwa, atauliza limegangwa kwa gango gani, na linabeba kiasi gani. Akiambiwa limezibwa, hatalipakia kitu kabla hajaongea na fundi. Ufa uliogangwa kwa asilimia 60 hauonekani kwa macho, na aghalabu ni hatari zaidi kwa kutoonekana kwake, kwa sababu mkaguzi aliyezoea kutafuta nyufa atapita bila ya kushuku. Katika taarifa nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya umma habari hii ya kipimo huachwa, na lile neno tamu likabaki peke yake.

Chini ya njia hizi zote umo mvutano mmoja ambao ndio unaowakesha watafiti. Kitu ni kigumu kwa sababu molekuli zake hazitembei. Kitu hujitengeneza kwa sababu molekuli zake zaweza kutembea hadi kwenye jeraha. Anayetaka sifa zote mbili anataka watu wale wale wawe wamelala na wako njiani. Vifuko vya Illinois vilikuwa ni hila ya kuuzunguka mvutano huu: epoksi imekaa imara, na kinachotembea ni majimaji yaliyofungiwa ndani yake. Mpira wa Paris uliukubali mvutano, ukachagua ulaini. Mwaka 2018 kikundi cha Takuzo Aida mjini Tokyo kilitangaza polima ngumu kama kioo, yenye minyororo mifupi na vifungo vya haidrojeni vilivyopangwa bila ya utaratibu, ambayo ikivunjika hushikana tena kwa kukandamizwa kwa mkono katika joto la chumba. Vifungo visivyo na utaratibu havigandi kuwa fuwele, kwa hiyo hubaki tayari kubadilishana, ijapokuwa kitu chenyewe kimekaza. Hatua hii ni ndogo lakini imegusa mahali penyewe.

Kwa istilahi, basi, ningependekeza tusiwe na neno moja. Yale ya vifuko na ya mishipa yaitwe polima za kujiganga, na kilichobaki katika ufa kiitwe kovu au gango. Yale ya Paris na ya Tokyo yaitwe polima za kuungana tena, na ya Los Angeles pia, kwa sharti la kutaja moto. Rangi na mipako iitwe ya kujiziba. Neno kupona ningeliweka kando kama akiba ya siku ambayo kitu kitarudisha nguvu zake zote, pale pale, kila mara. Hapo litakuwa limestahili.

Lipo kundi moja ambalo bado halijapata kitenzi. Mwaka 2011 Leibler na wenzake walitoa wavu wa polima ambao, ukipashwa moto, vifungo vyake havifunguki kama vya Wudl. Kila kifungo huachia upande mmoja wakati ule ule kinaposhika upande mwingine, hata idadi ya vifungo haipungui kamwe na wavu hauyeyuki, ila unaweza kufinyangwa upya kama kioo cha moto, na vipande vyake kuunganishwa. Kuganga si neno lake, kuungana hakutoshi, na kubadilishana ni pana mno. Wasusi wa mikeka na wafumaji wa nyavu bila shaka wana neno la kuuachia uzi mmoja huku ukishika mwingine ili kazi isifumuke. Mwenye kulijua, awe wa Lamu, wa Vanga au wa kwingineko, aliandikie jarida.